Mama, Uko Karibu na Poto Namba Ngapi?

GOMA – Mvua ilianza jioni, na kufikia saa tatu usiku simu ya zamu ilikuwa haipumziki. Mama mmoja ambaye kazi yake ni kupokea simu za dharura katika kampuni moja ya umeme mjini Goma alifungua daftari, akaitikia ya kwanza.

«Mama, kwetu umeme umekatika.»

«Pole, Papa. Kwenu ni wapi?»

«Hapa Majengo. Ukipita kanisa unashuka kidogo, pale kwenye mti wa avoka.»

«Mti ninauona nikifika?»

«Hapana, ulikatwa mwaka juzi.»

Aliandika: Majengo, karibu na kanisa, mti uliokatwa. Simu ya pili ilitoka avenyu hiyo hiyo, ya tatu nyuma ya shule, ya nne kwa mtu aliyesema tu «kwetu» na unite zake zikaisha. Saa tano usiku daftari lilikuwa na mistari zaidi ya thelathini.

Kwa mafundi waliokuwa nje, kila mstari ulikuwa safari. Walikuwa watu wanne na gari moja. Walizunguka hadi usiku wa manane wakigonga milango na kuangalia mita moja moja, au konteri kama wengi wanavyosema. Mwishowe wakakuta fyuzi moja imeungua kwenye kabini moja. Karibu nyumba zote zilizopiga simu zilikuwa chini ya kabini hiyo. Kama mtu angejua hilo mapema, kazi ya usiku mzima ingekuwa kazi ya saa moja.

Habari hiyo haikukosekana. Ilikuwepo, ila ilikaa mahali patano pasipozungumza. Orodha ya wateja na mita zao ilikuwa kwenye kompyuta ya mauzo. Mchoro wa laini na kabini ulikuwa kwa wahandisi. Hesabu ya fyuzi na waya ilikuwa kwa mlinzi wa depo. Mpango wa mafundi, nani yuko wapi, ulikuwa kichwani mwa mkubwa wao na kwenye kikundi cha WhatsApp. Na malalamiko ya watu yalikuwa kwenye daftari la mama. Kila mahali palikuwa na kipande cha jibu, na aliyetakiwa kuviunganisha alikuwa mtu mmoja mwenye kalamu, usiku, huku simu ikilia.

Usiku huo huo kulitokea jambo jingine ambalo mama huyo hajalisahau. Kikundi cha pili cha mafundi kilikuwa Katoyi, kinaunga waya ulioangushwa na tawi. Kanuni ya kazi hiyo inajulikana na kila fundi: laini inazimwa, swichi inafungwa kwa kufuli, fundi anapima kuhakikisha hakuna umeme, anaunganisha waya na ardhi, ndipo anapanda. Hakuna mwingine anayewasha mpaka yule aliyeomba izimwe aseme mwenyewe kwamba watu wake wameshuka. Lakini usiku huo kufuli za kituo zilikuwa zimekwisha, karatasi ya ruhusa ilikuwa mfukoni mwa mkubwa wa kikundi, na pale kituoni lilibaki neno la mdomo tu. Saa nne zamu ilibadilika. Kijana aliyeingia akakuta laini imezimwa, watu wanapiga kwa hasira, na hakuna maandishi yoyote. Akampigia mama.

«Yaya, unaona nini kwenye daftari? Katoyi imekwisha? Niwashe?»

Kwenye daftari, Katoyi ilikuwa imeandikwa «imekwisha». Ni kweli, hitilafu moja ya Katoyi ilikuwa imetengenezwa magharibi. Hii ilikuwa nyingine.

«Ngoja kwanza,» alimjibu. «Sauti ya Papa sijaisikia.»

Alimpigia mkubwa wa mafundi mara tatu, rezo ikakataa. Akampigia dereva wao. Dereva alitoka nje ya gari, akaangalia juu kwa tochi, akasema: «Wako juu bado, Mama. Wawili.»

Hakuna aliyeumia, na kwa sababu hakuna aliyeumia, hakuna ripoti iliyoandikwa. Asubuhi wale wawili walikunywa chai kama kawaida. Mama alirudi nyumbani, akalala, akaamka saa sita mchana na mikono inatetemeka.

Watu wanapozungumza juu ya programu za kompyuta za kuwapanga mafundi na kuwatuma kazini, mara nyingi wanazungumza juu ya haraka: gari litafika upesi, petroli itapungua, wateja watafurahi. Hayo yote ni kweli. Lakini kwa mama huyo, sababu ya kwanza ya kuunganisha mifumo ni wale watu wawili juu ya poto. Neno «imekwisha» halitakiwi kumaanisha jambo moja kwenye daftari lake na jingine kituoni.

Kampuni ilipoanza kuunganisha programu zake, wengi walidhani shida ni kununua kompyuta. Shida ya kwanza ilikuwa majina. Kabini moja ilikuwa na majina matatu. Kwa wahandisi ilikuwa herufi na namba. Kwa watu wa mauzo ilikuwa jina la avenyu. Kwa mafundi ilikuwa «Kwa Mama Makala», kwa sababu mama mmoja alikuwa akiuza makala kando yake. Programu ya mauzo ikiuliza programu ya wahandisi habari za kabini hiyo, inajibiwa kwamba kitu hicho hakipo.

Mkaaji wa Goma anaelewa jambo hili bila kusomea kompyuta. Katika soko la Virunga, Mnande kutoka Butembo, Mshi kutoka Kabare, Mhunde kutoka Masisi na Mluba kutoka Kasai hawajifunzi kila mmoja lugha za wenzake wote. Wanakutana kwenye Kiswahili. Programu nazo ni hivyo. Zikiwa tano, na kila moja ikitafsiriwa kwa kila nyingine, zinahitaji njia kumi za tafsiri, na ukibadilisha programu moja unavunja njia nne. Zikiwa na lugha moja ya kukutania, kila moja inajifunza hiyo tu. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, yenye makao Geneva huko Uswisi, ina kanuni namba 61968 kwa kazi hiyo hasa: inaeleza jinsi programu za kampuni za usambazaji umeme zitakavyoitana vitu kwa namna moja, iwe ni mteja, mita, kabini, kazi iliyotumwa au kikundi cha mafundi.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa ndoo ya rangi na burashi. Vijana walipita avenyu kwa avenyu wakiandika namba kwenye kila poto na kila kabini, na kila namba ikapigwa picha kwa simu yenye GPS. Namba ile ile iliyo kwenye mti ndiyo iliyoingia kwenye ramani, kwenye orodha ya mita, na kwenye simu ya fundi. Vifaa vya kuanzia kazi kama hii si lazima viwe vya bei kali. OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inamruhusu yeyote kuchora avenyu ya kwao. QGIS, programu ya kutengeneza ramani, inatolewa bure. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, ilionyesha mapema kwamba ujumbe mfupi wa simu ya kawaida unaweza kuwa alama kwenye ramani.

Leo, simu ikiingia, mama anauliza swali moja: «Uko karibu na poto namba ngapi?» Akiandika namba, kompyuta inajua poto iko chini ya kabini gani na kabini iko kwenye laini gani. Simu tatu kutoka poto tatu za kabini moja zinakuwa hitilafu moja, si tatu. Programu inaonyesha kikundi kilicho karibu na kama depo ina fyuzi ya aina hiyo. Kazi inaingia kwenye simu ya fundi. Na laini iliyozimwa kwa ajili ya watu walio juu inakuwa nyekundu kituoni, ikiwa na jina la aliyeomba izimwe. Zamu ikibadilika, rangi haibadiliki. Kufuli za kituoni nazo zilinunuliwa, kwa sababu rangi kwenye kioo haizuii mkono.

Jambo moja liliwasumbua mwanzoni: rezo. Programu ya kwanza ilitaka intaneti kila dakika, na Goma si mji wa intaneti kila dakika. Fundi akibonyeza «nimemaliza» mahali pasipo na rezo, neno lilipotea, naye alidhani limefika. Ilibidi programu ibadilishwe ili simu ihifadhi neno na kulituma rezo ikirudi. Lakini kwa kuwasha laini, hakuna kuhifadhi wala kubahatisha. Hapo kanuni ya mama imebaki: sauti kwanza. Mkubwa wa kikundi anasema kwa mdomo wake, «Watu wangu wote wako chini,» na anawataja mmoja mmoja. Ndipo swichi inaguswa.

Namba kwenye poto zimesaidia jambo jingine la mji huu. Tangu sheria ya umeme ya Juni 2014 ifungue milango kwa kampuni binafsi, Goma haina mwenye umeme mmoja. Kuna SNEL, shirika la serikali, inayoleta umeme wa mto Ruzizi kutoka upande wa Bukavu. Kuna umeme wa Matebe, bwawa la Rutshuru lililozinduliwa mwaka 2015. Kuna umeme wa jua wa Ndosho, uliowashwa mwaka 2020. Kwenye avenyu moja poto za kampuni mbili zinaweza kusimama pamoja kama majirani wasiosalimiana, na mkaaji anayeona waya chini hajui ni wa nani. Poto yenye alama inamwambia ampigie nani. Akikosea kampuni, angalau namba aliyoisoma inaweza kupelekwa kwa wenyewe.

Hadi hapo, programu ilifanya kazi vizuri kwa mtu mwenye mita. Mama ndiye aliyeuliza: na asiye nayo?

Swali hilo halikutoka kwenye vitabu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, na tarehe 27 viongozi wakaamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji waondoke. Mama huyo alikwenda Sake na watoto na bidoni moja tupu. Nyuma yake lava ilikuwa imeharibu mabomba na tangi kubwa la maji, na watu karibu nusu milioni wa Goma walibaki bila maji safi. Kule Sake hakuwa na avenyu, hakuwa na namba ya nyumba, hakuwa na mita. Kama angepiga simu mahali popote kuomba kitu, angeulizwa wewe ni nani na uko wapi, na maswali yote mawili hayakuwa na jibu.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika ndani ya Goma, umeme ulikatika, na maji nayo yakakatika. Maji ya Goma yanavutwa kutoka ziwa Kivu kwa mashine za umeme. Pampu ikisimama, bomba la mtaa linakauka, na watu wanashuka ziwani na bidoni. Kila familia iliyopita kambini inajua kinachofuata maji ya ziwa yasiyotiwa dawa: kipindupindu. Mwezi uliofuata kambi nyingi za pembeni ya mji zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini, wengine waliingia katika familia za kuwapokea, familia nne kwa mita moja.

Sasa, programu za kupanga mafundi mara nyingi zinaamua nani atengenezewe kwanza kwa kuhesabu wateja. Kabini yenye wateja mia inapita yenye wateja ishirini. Ni haki kwa macho. Lakini pampu ya maji ina mita moja, kwa hiyo ni mteja mmoja. Nyumba yenye familia nne ni mteja mmoja. Bomba la mtaa, ambapo foleni ya bidoni inaanza saa kumi alfajiri, halina mita, kwa hiyo si mteja hata kidogo. Katika mkutano mmoja mama alisimama mbele ya wahandisi akasema: «Bapapa, kwenye kompyuta yenu ofisi yenye kompyuta ishirini na pampu inayonywesha kartie nzima ni sawasawa. Kila moja ni mteja mmoja.»

Wahandisi hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Programu iliongezewa sehemu nyingine: kando ya kila mita, kama inahudumia hospitali, kituo cha afya, pampu au mashine ya kusaga, na inahudumia watu wangapi kwa makadirio ya nyumbakumi. Mabomba ya mtaa yaliandikwa namba kama poto, yakawekwa kwenye ramani, na kila moja likaunganishwa na pampu inayolilisha. Leo mkimbizi wa ndani asiye na mita wala avenyu anaweza kupiga simu, akasoma namba iliyo kwenye bomba, akasema limekauka. Hapo ndipo mama anaona kazi yote ilipopata maana yake. Mtu huyo halipi umeme na si mteja, lakini neno lake linaingia mahali pale pale panapoingia neno la mwenye hoteli.

Kuna mipaka, na mama haifichi. Laini iliyokatwa na vita haitengenezwi na programu. Fundi anangoja wenye silaha wa kila upande wakubali apite, na mazungumzo hayo yanafanywa na watu, si na kompyuta. Tena, ramani inayoonyesha mafundi wako wapi kila dakika ni msaada kwa kituo na ni hatari ikiingia mikono mingine. Vilevile orodha ya nani alipiga simu, kutoka wapi, saa ngapi. Kwa hiyo kampuni ilipunguza wanaoiona ramani ya magari, na namba za waliopiga zinafutwa baada ya kazi kufungwa. Mtu aliyekimbia kijiji chake hapaswi kupatikana kwa sababu alilalamika kuhusu maji.

Kwa wakaaji, mambo machache yanarahisisha kazi hii yote. Kabla ya kupiga, mtu atafute poto au bomba lililo karibu na asome namba yake. Aseme alichokiona: nyumba moja tu haina umeme au avenyu nzima, kulikuwa na mlio, kuna waya chini. Waya ulioanguka usiguswe wala kusogelewa, hata kama nyumba zote ziko gizani, na watoto wazuiwe mbali mpaka mafundi wafike. Na mwenye jenereta asiiunganishe na waya za nyumba bila swichi ya kutenganisha, kwa sababu umeme wake unaweza kurudi kwenye laini na kumkuta fundi aliye juu akidhani laini imekufa. Hapo kituo kinaweza kuwa kimezima, kufuli imefungwa, rangi ni nyekundu, na bado mtu akafa kwa ajili ya taa mbili na televisheni.

Kazi ya mwisho ya mama kila usiku haikuandikwa kwenye mkataba wake. Hitilafu ikifungwa, programu inatuma ujumbe kwa waliopiga. Lakini wengi wa waliokimbia wanapiga kwa simu ya kuazima, na ujumbe unafika kwa mwenye simu asiyejua habari yoyote. Kwa hao, mama anapiga mwenyewe.

Juzi alimpigia mama mmoja Mugunga aliyekuwa ameripoti bomba kavu tangu asubuhi. Simu ilipokelewa na kijana.

«Yule mama aliyeazima simu yako leo, yuko hapo karibu?»

«Yuko bombani.»

«Maji yametoka?»

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha simu nje ya mlango. Kilichosikika ni bidoni za plastiki zikigongana, na wanawake wakigombania nani aliwahi foleni. Mama aliandika saa, akafunga kazi hiyo, akaitikia simu iliyofuata.